Kuku wa Shingo Tupu

Kabambare, tarehe 14 ya mwezi wa sita, 1953

Kwa Régina, mudogo yangu, mutoto wa tumbo moja na mimi, kule Nyangwe,

Pokea mikono yangu yote mbili. Habari ya mwili yako? Ule mugongo wenye kukusumbua wakati wa kupanda mupunga, umepoa? Shemeji Pacifique iko muzima, na nyavu zake zinaleta kitu? Na Mathilde, bibi-harusi yetu, najua ni yeye iko anashika karatasi hii na kukusomea, juu masista walimufundisha vizuri. Mathilde, mutoto yangu, soma polepole. Usiruke neno. Hata pale utaona haya juu ya mujomba yako, soma tu.

Sisi huku tuko. Magoti inamuuma muke yangu Julienne asubuhi, ikifika saa sita inamuachilia kidogo. Mimi sina ugonjwa. Meno yangu iko yote, isipokuwa mbili, na ile mbili niling'oa mwenyewe bila kulalamika. Mwaka huu pamba yangu ilipita ya jirani yangu Abedi, na Abedi ni kijana kwangu, anaweza kuwa mutoto yangu.

Utashangaa juu ya mwandiko hii. Ni mukono yangu. Barua zote ulizopata zamani ziliandikwa na Emile, katekista. Mimi nilikuwa namuambia maneno, na yeye anaongeza maneno ya kanisa mbele na nyuma. Hii naandika peke yangu, leo siku ya tatu. Kalamu nilimuomba Emile, nikamudanganya kama nataka kupiga alama kwenye mbao. Herufi zangu zinaanguka sawa watu wa kileo, lakini zinafika. Sababu ya kumuficha Emile utaiona mbele.

Barua yako ilifika. Unajua desturi ya hapa: barua ikifika, Emile anakuja kuisoma katika kiwanja, watu wanakaa, kila mutu anasikia habari yake. Abedi alikuwa pale na bibi zake, na mama Louise wa ng'ambo ya njia, na wengine. Emile alisoma sauti kubwa, vile anasoma nyaraka siku ya Mungu. Ulisema Amisi, muchuuzi wa chumvi, alikuletea habari kama kuku wa Mama wamekwisha, kama siafu waliwakula juu Julienne alisahau kumwaga majivu. Ulisema Julienne hakupenda kitu ya Mama hata siku moja. Ulisema siku ya ndoa ya Mathilde asikanyage kwako.

Julienne alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya. Alimaliza muhogo yote, akaosha kisu, kiisha akaingia ndani. Ule mukeka aliokuwa anamufumia Mathilde tangu kiangazi ya mwaka jana, wenye rangi nyekundu na nyeusi, ulibaki kipande sawa mukono moja tu kumalizika. Akaukunja, akaufunga na kamba, akaupandisha juu ya dari pale moshi inapita. Mimi nilimuona.

Sasa acha nikuambie tangu mwanzo, juu wewe uko mbali, hujui vita niliyopiga.

Siku Mama analala kwenye mukeka yake ya mwisho, aliniita mimi, si mwingine. Akaniambia kuku wake wa shingo tupu, wale baba yake alimupa akienda ndoa, wasipotee katika mikono yangu. Akasema siku Mathilde atatoka kwenda kwa bwana yake, mujomba ndiye atamutia mukononi kuku ya damu ile, aanze naye kiwanja yake, sawa vile Mama alianza na wewe ulianza. Wako walikufa ugonjwa kule Nyangwe, wangu tu walibaki. Nilimujibu Mama ndiyo. Na ndiyo yangu si sawa ya watu wengine.

Nilikuwa na kuku kumi na jogoo yao. Adui wao, mudogo yangu, hawana hesabu. Kwanza mwewe. Alikuwa anakaa juu ya ule muti wa mbele ya nyumba ya Abedi, anangoja vifaranga vitoke. Abedi alisema tufunge matambaa meupe kwenye fimbo ili aogope. Nikamuambia mwewe hawezi kuogopa nguo za kufua. Nilipanda mimi mwenyewe, na umri huu, nikakata tawi yake. Siku mbili hakurudi. Siku ya tatu akakaa juu ya paa yangu.

Kiisha paka ya pori. Yule alikuwa anapita kwenye nyasi za nyuma, anakata shingo, anaacha mwili. Nilimutegea kamba, nikamushika, ngozi yake ninaikalia sasa nikiandika. Watu walikuja kuangalia. Nyuma ya wiki moja akaja mwenzake. Nyoka alimeza mayai sita ya kuku moja, nikamupasua na panga, mayai ilikuwa bado nzima ndani yake, Julienne akakataa kuipika. Na utitiri je? Ule mududu mudogo hata huuoni. Uliingia kwenye viota, kuku wakaacha mayai na kukimbia. Nilichoma viota vyote, nikapaka kuta mafuta ya taa, nikajikuna mimi na Julienne mwezi muzima. Mimi niliyebeba masanduku ya risasi mpaka Tabora wakati wa vita ya Wadachi, nikashindwa kulala juu ya mududu wa kuku.

Lakini yule aliyenichosha kabisa ana miguu mbili na kofia. Moustapha, kapita, musimamizi wa serikali katika muji. Muzungu akipita katika safari, anatakiwa apate kuku na mayai kwenye nyumba ya wageni. Na Moustapha akihesabu kuku za muzungu, anahesabu na za tumbo yake. Alikwisha kuchukua wawili kwangu, Régina, wa Mama, mbele ya macho yangu. Nilimuambia hawa si kuku wa kuliwa. Akaniuliza basi ni kuku wa kuolewa? Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama wangekuwa wa Abedi.

Pale ndipo nilifikiri nyumba. Na nyumba ile, mudogo yangu, kama ungeiona. Nguzo za muti mugumu, ule unavunja meno ya shoka, nimezitia chini mpaka goti. Kati ya nguzo na nguzo udongo, nimeupiga mwenyewe. Juu nimefunika na bati ya pipa niliyoinyosha kwa nyundo, misumari kila mahali, na mawe juu ya misumari. Mulango wa mbao za sanduku. Chini ya mulango niliacha nafasi ya vidole mbili, ili kuku wapate hewa. Na juu ya mulango nilitia kadena, kufuli ya chuma niliyonunua Kasongo, na funguo yake moja. Katika muji wetu hata nyumba ya shefu haina kadena sawa ile. Watu walikuja kuishika. Paka ya pori alizunguka nje akarudi zake. Mwewe alikaa juu ya bati, ikamuchoma miguu. Moustapha alikuja, akaangalia kadena, akaniangalia mimi, akapita. Miezi mbili sikupoteza hata kifaranga. Nilikuwa napita kwa Abedi kila asubuhi kumuuliza kuku wake wamebaki wangapi.

Basi ikafika siku ya soko ya pamba. Unajua siku ile wanaume wote na wanawake wenye nguvu wanabeba pamba mpaka kwenye mizani, Kabambare kwenyewe, muzungu ya pamba anaandika majina, mwenye kukosa anatafutwa. Muji unabaki na wazee na watoto wachanga. Tena ilisikika kama siku ile ile Moustapha atapita kuchukua kuku, juu mugeni mukubwa alikuwa njiani. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha wiki ile. Asubuhi niliwaacha kuku ndani, nikafunga, nikabeba pamba yangu, nikaenda na wengine.

Nikirudi magaribi walikuwa wamekwisha.

Sitaandika vile walikuwa. Mathilde iko anasoma. Siafu hawali sawa nyama ya pori. Wanaingia puani na machoni. Waliingia kwa vidole vile mbili nilivyoacha ili kuku wapate hewa, nao walikuwa wengi hata ukuta ulikuwa unatembea.

Amisi na chumvi yake alipita kesho yake. Alitukuta tunafukia. Akasimama, akaondoa kofia sawa kwenye kilio ya mutu, akauliza namna gani, mzee Antoine, na nyumba ile yenye nguvu? Watu walikuwa pale, wote walioshika kadena. Wote walikuwa wananiangalia. Nikasikia mudomo yangu inasema: ni Julienne, alisahau kumwaga majivu. Na Amisi akaibeba habari ile pamoja na chumvi.

Sasa, Régina, ndiyo hapa. Kwa sababu ya hapa nilimudanganya Emile juu ya kalamu.

Julienne hakusahau majivu. Siku tatu mbele ya soko aliona siafu wamekata njia kwenye shamba ya muhogo, akaniambia wanahama, mvua imewatoa. Akaniambia tumwage majivu kuzunguka nyumba ya kuku, sawa Mama alivyokuwa anafanya. Nilimujibu kama nyumba ya Antoine hailindwi na takataka ya jikoni. Nikamuambia siafu hawapiti pale nimekanyaga. Magaribi ya kuamkia soko akamwaga yeye mwenyewe, nyumba yote, duara nzima. Asubuhi niliikuta, watu wa soko walikuwa karibu kupita, na ile nyumba yangu ilikuwa inaonekana sawa jiko ya zamani. Nikachukua ufagio. Mimi mwenyewe, Régina, nilifagia majivu yote. Nilifagia vizuri.

Akaona nafagia. Hakugombana. Nilipobeba pamba alinifuata mpaka kwenye njia, na magoti yake, akasema:

– Niachie funguo.

Nikamuambia mwanamuke akiachiwa funguo, Moustapha akipiga kelele kidogo atafunguliwa. Funguo ilikuwa kwenye kamba, hapa shingoni, nikaitia ndani ya shati nikaenda.

Pale kwenye mizani tulingoja sana. Watu walikuwa wanazungumza juu ya Moustapha, kila mutu kuku aliyopoteza. Mimi nikatoa funguo ndani ya shati nikawaonyesha. Nikasema hata Bulamatari mwenyewe, mukubwa wa serikali, akitaka kuku yangu, atakuja kuomba kwa shingo hii. Wakacheka, Abedi akanipiga begani, nikaizungusha kwenye kidole. Nimefikiri nyuma ni saa gani ilikuwa. Jua lilikuwa kichwani. Na mama Louise, yeye aliyekuwa amebaki muji juu ya uzee, anasema kuku walianza kulia wakati kivuli iko chini ya miguu. Ni saa ile.

Mama Louise alimuona Julienne. Yeye Julienne alivuta kadena. Alipiga mulango na mawe. Shoka nilikuwa nimemuazimisha Abedi, na nyumba ya Abedi haikuwa na mutu. Akataka kupanda juu ya bati, magoti ikakataa. Akawasha nyasi kuwafukuza kwa moshi, akaona moshi inaingia ndani kwa kuku, akazima na mikono. Kiisha akachukua jembe akachimba chini ya ukuta, kati ya nguzo mbili, ndani ya siafu, miguu wazi. Ile udongo niliyoisifu ilimukatalia. Alichimba mpaka sauti za ndani zikaisha. Kiisha akaingiza mukono mpaka bega, akashika moja, akamutoa.

Mimi nilipofika nilimukuta amekaa chini, mikono imevimba sawa si yake, na kuku ile ndani ya kitambaa. Nikauliza kwa ukali juu ya nini hakufungua. Yeye aliniangalia, si kwa hasira, sawa mutu anaangalia mugonjwa.

– Funguo iko shingoni mwako.

Nikatia mukono ndani ya shati. Ilikuwa pale, na joto ya mwili wangu.

Na kesho yake, Régina, mbele ya mikono ile yenye kuvimba, nilisema maneno niliyosema. Alisikia. Alikuwa anashika jembe. Alimaliza kufukia, akaenda kuosha sufuria. Mama Louise alisikia pia, na mama Louise anajua, lakini Julienne alimuomba asiseme kitu, kwa kuwa mutu hamvulii bwana yake nguo sokoni. Sijaambiwa hivyo na Julienne. Niliambiwa na mama Louise, na alitema mate alipomaliza.

Unafikiri nilinyamaza juu ya ubaya. Sijui. Kila asubuhi ninaamka na neno ile tayari. Ninaenda kwa Abedi, ninakaa, ninafungua mudomo, ninasema habari ya pamba. Siku ya Mungu nilisimama karibu na Emile nyuma ya sala, watu wote pale, nikamuuliza kama mvua itawahi mwaka huu. Mimi niliyefika Tabora. Miguu inafika mahali pote, mudomo haifiki kwa jirani.

Sasa juu ya kuku. Yule aliyetolewa na Julienne ni muzima. Ni tembe, shingo tupu, wa damu ya Mama kabisa, ana ile alama nyeupe kwenye bawa unayoijua. Lakini siafu walimaliza macho yake. Mama Louise alileta maziwa ya mukwe wake mwenye kunyonyesha, tukadondosha, haikusaidia. Nilimupeleka kwenye dispansari, mufirmie, muuguzi wa pale, akaniambia dawa ni ya watu, akawaita wenzake waje waone.

Basi kazi yangu ni hii. Ninakaa katika kiwanja na fimbo tangu asubuhi mpaka magaribi, na kuku karibu na muguu yangu. Yeye hamuoni mwewe, basi mimi ninamuona. Ninatia mupunga katika mukono, anadonoa mikono yangu kwa mudomo mpaka anapata. Nikisimama anasimama, nikienda anafuata sauti ya miguu. Wakati wa kulala ninamuingiza katika kikapo chini ya kitanda, na majivu nimemwaga mimi mwenyewe, kitanda yote, duara nzima. Utitiri umeturudia, yeye na mimi. Abedi anapita anauliza, mzee, kuku wako wamebaki wangapi? Ninamujibu ni moja. Hana haja ya kuuliza, lakini ni haki yake.

Wiki hii ameanza kutaga. Jogoo wa Abedi aliingia kiwanja, nikamuacha aingie. Yai ya kwanza alitaga juu ya muguu yangu. Sikusogea.

Mathilde, wewe unayesoma, neno hii ni yako. Mujomba alipaswa kukutilia mukononi kuku muzuri, wa kukimbia na wa kuona. Niko na huyu tu. Nitamubeba kwa miguu mpaka Nyangwe, si kwa kamio ya pamba, juu ngurumo ya motokari inamutisha. Ni siku sita, ninaweza. Lakini nitakuja kama utasema nije naye. Bibi-harusi akianza kiwanja na kuku kipofu, watu watacheka. Ukikataa, sitakasirika. Fikiri, unijibu wewe mwenyewe, si mama yako.

Na wewe Régina, nina ombi moja, ni kubwa. Usiniandikie mimi. Muandikie Julienne. Uandike vile ilikuwa, yote, majivu niliyofagia na funguo na mizani na yale niliyomuambia Amisi. Uandike kama neno lako baya lilikuwa langu. Umuombe aje kwenye ndoa, akae mahali mama wa bibi-harusi wanakaa, si nyuma. Barua ikifika, Emile ataisoma katika kiwanja kwa sauti kubwa vile anafanya, na Abedi atakuwa pale, na wote walioshika kadena. Mudomo yangu imeshindwa. Nimetafuta mudomo nyingine, nimeona ni hii.

Mimi nitakuwa pale nikiisikia. Siwezi kukimbia, juu kuku iko miguuni mwangu, na nikisimama atanifuata.

Musalimie shemeji Pacifique. Musalimie kila mutu mwenye kuniulizia, na yule asiyeniulizia pia. Julienne hajui kama naandika, kwa hiyo hakutumi salamu, lakini mukeka bado iko juu ya dari, na moshi bado haujaiharibu. Fanya haraka.

Mimi kaka yako wa tumbo moja,

Antoine

Funguo nimeifunga ndani ya karatasi hii. Kadena nimekwisha kuitupa chooni, basi haifungui kitu. Shemeji akienda kutega nyavu, aibebe mpaka katikati ya Lualaba, pale maji ni marefu, aitupe.